Mwamba wa Gatini

Jumatatu, 3 Juni
Kwaa! Mlio huo bado uko sikioni. Ijumaa iliyopita nilichoma nondo ndefu ya chuma ndani ya maji kando ya gati. Ikapita kwenye tope, ikagonga kitu kigumu. Leo nimemwandikia Chef, mkuu wangu wa kazi: chini kuna mwamba. Dragi yetu, mashine ya kuchimba na kunyonya tope, inahitaji kichwa cha kukatia chenye meno. Kile cha visu, cha kukatia udongo laini, kitavunjika. Amekubali bila swali. Kazi yangu ya kwanza! Nimepanda mlima hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Jumanne, 4 Juni
Oda inaondoka Ijumaa. Tunaagiza kichwa kimoja tu, na kukisubiri ni miezi. Tope limejaa, boti hazifiki gatini. Akina maman wanabeba magunia ndani ya maji ya kiunoni. Lazima niwe sahihi. Nimechora meno daftarini. Mazuri.

Jumatano, 5 Juni
Maman Nabintu, mbeba mizigo, alinikuta nikichoma tena. Kwaa. Alicheka hadi akatua gunia lake.
"Mademoiselle, ile haiko jiwe. Iko simenti! Ni sisi tuliangusha ile mifuko ndani ya maji, ikaganda, mbele ya wewe kuzaliwa."
"Mingi, maman?"
"Ee! Uliza mugongo yangu."
Sikucheka. Nimeudhika. Huenda ni kweli.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekodi mtumbwi. Nimechoma mahali ishirini. Tope. Tope. Tope. Zito, la kunata. Nondo ilirudi imevaa udongo kama mwiko uliosonga bugali. Meno niliyoyachora yangejaa udongo huo na kuzunguka bure.
Kisha Maman Nabintu na wenzake walivuta "mwamba" wangu kwa kamba, wakiimba na kunitania. Una umbo la mfuko. Hata mshono unaonekana. Ijumaa ile nilichoma mahali pamoja tu, nikaamini sikio. Aibu tupu. Halafu nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha.

Ijumaa, 7 Juni
Mvua nyepesi. Ofisi kimya. Nilimwekea Chef kipande chenye mshono juu ya meza, kabla hajatia sahihi kwenye oda. Nikasema nimekosea. Alikigeuza, akakigeuza tena.
"Karibu kazini, Madame Simenti."
Jina limeshanata. Sawa.
Mifuko itavutwa kwa kamba. Wabebaji wanajua ilipo. Oda ya kwanza niliichana mwenyewe. Ya pili inasema visu, bila meno. Imeondoka saa nne.