Viza ya Nasra na Radhi ya Ami Yake

Nasra kapata viza! Viza ya Ureno, Baba Nasra, na si ya kutembea na kurudi. Ya kwenda kukaa, kwa ajili ya kampuni yake mwenyewe! Hawampi kila mtu hiyo. Wanampa aliyeanzisha biashara mpya, wakaichungua, wakaona ina akili ndani yake. Na huyo mtu ni mwanao. Nimeiona kwa macho yangu kwenye pasi, na picha yake kanuna vilevile kama wewe ukipigwa picha.

Haya, sasa nikusalimie. Assalamu alaikum, mume wangu. Mungu alinawirishe kaburi lako. Sie wazima. Herufi zikipandana nisamehe, shule yangu unaijua ilipoishia, na furaha inanikimbiza.

Duka lako la kutengeneza redio pale Kiponda siku hizi yumo muuza juisi. Nikipita nnageuza uso. Lakini kila nikimtazama Nasra nnakuona wewe umekaa mle, yeye yuko miguuni pako na bisibisi. Unaikumbuka ile kompyuta kuukuu uliyoinunua Darajani, ukaja nayo umeifunga kwa kanga yangu mpya? Nilikugombeza wiki nzima. Ukanambia, "Mwache aifungue, Mama Nasra. Akiiharibu, fundi si mimi?" Akaiharibu kweli. Ukaitengeneza. Akaiharibu tena. Wallahi hukumpigia kelele hata siku moja.

Basi sikiliza kilichotoka humo. Unajua nilivyokuwa nikilalama kwamba kofia za mashine zimejaa madukani, na sie tunaotoboa viua, vile vitundu vya nakshi, kwa sindano, kimoja kimoja, miezi na miezi, hatujulikani. Kumbe mtoto ananisikiliza. Leo, kwa kampuni yake, kila kofia ya mkono tunayouza inashonewa alama ndogo kwa ndani. Mnunuzi akiielekezea simu yake, anamwona aliyeishona, jina lake, kijiji chake, na sauti yake anasalimia. Wamo wanawake wa Uroa, wamo wa Mangapwani, na mimi nimo! Mtu yuko Maskati huko anajaribu kofia, mie namwambia, "Karibu Unguja, ivae kwa heri." Nani katika mtaa huu anasikika Maskati? Mimi peke yangu.

Siku ya Wareno kumsaili nilitaka kuharibu. Nasra kanambia watu watatu wataingia kwenye kompyuta saa nane mchana. Mie nikasema mgeni ni mgeni, apite mlangoni apite kwenye kioo. Nikafagia, nikatandika, nikajaza chetezo udi mzuri, ule wa harusi, nikakisukuma chini ya meza yake. Nilijua harufu haifiki Ulaya, mimi si mjinga. Lakini nipokee wageni nyumba haijafukizwa, nina wazimu? Moshi ukapanda mpaka mtoto akapotea. Wale wakadhani nyumba inaungua! Nikaingia mbio nnapepea kwa kawa ya kufunikia chakula, nikajikuta nnatazamana nao, nikasema, "Karibuni, karibuni sana." Nasra anakohoa na kucheka, machozi yanamtoka. Baadaye akanambia, "Mama, waliniuliza haya ya kofia nimeyajulia wapi. Nikawaambia, huyo aliyepita na moshi."

Hao ndio Wareno, Baba Nasra. Wazee wao walikuja hapa na mizinga bila kumbishia hodi mtu. Leo wao ndio wanaosema karibu kwa mtoto wa fundi redio wa Kiponda.

Lakini tulikwama kwa kaka yako. Shemeji Khamis alisema mtoto wa kike haondoki hivihivi, aolewe kwanza, aende na mumewe. Nasra akaja akaitia pasi kabatini kwangu, chini ya nguo zako. "Baba hayupo, Mama. Ami ndiye baba. Bila ya radhi yake siendi." Niliogopa. Unamjua, akisema haendi ndiyo haendi, na ile ruhusa haikai ikimsubiri mtu.

Nikavaa baibui, nikachukua haluwa, nikaenda kwake.

"Bi Salma," akanambia, "hata ulete sinia zima."

"Shemeji, wewe ulikwenda Maskati hujaota ndevu. Nani alikuoza kwanza?"

"Mimi mwanamme!"

"Ndiyo maana ulirudi na nguo chafu sanduku zima."

Akataka kucheka, akajizuia. Akasema hiyo biashara ya simu ni upepo mtupu, yeye hajamwona hata mmoja aliyefaidika nayo. Mkewe, Bi Zuhura, ndiyo kwanza anaingia na bilauri ya maji. Akampa mumewe, akasimama pale pale.

"Hayo maji baridi?"

"Baridi," akajibu mzee.

"Friji nimelinunua mimi. Kwa kofia zangu, kwa hiyo simu ya Nasra."

"We si ulinambia kalileta kaka yako?"

"Kalileta, kalibeba mpaka jikoni. Nani kalipa, hukuuliza."

Mume wangu, ungekuwepo! Kaka yako aliitazama ile bilauri, akamtazama mkewe, akayanywa maji yote mpaka tone la mwisho. Kisha akasema polepole, "Mwiteni mtoto."

Nasra akapiga magoti, akambusu mkono. Ami yake akamwekea mkono kichwani, akasoma Fatiha, sauti ikamkatika katikati, akaanza tena. Akasema, "Angekuwepo ndugu yangu, wala usingepiga magoti hapa. Angekupeleka uwanja wa ndege mwenyewe." Mimi nikawa nnautazama ule mkono. Una vidole vyako. Sikujua. Miaka yote hii sikuwahi kuona kwamba vidole vyenu...

Basi. Nshafuta macho.

Wanawake wa huku Nasra kaniachia mimi. Mimi ndiye nnayepokea kofia na kuzikagua, na iliyoshonwa kwa kulipua nnairudisha, hata iwe ya Bi Zuhura. Nnakuahidi kazi yake haitalala. Na nnakuahidi sitalia mbele yake mpaka gari iondoke. Baadaye usinihesabie. Pumzika, mume wangu. Ulimlea vizuri, ulimlea vizuri mno, na kila aliye hai nitamwambia.

Shemeji ametaka jambo moja tu, kabla Nasra hajaondoka usomewe hitma nyumbani kwetu, na aisimamie yeye mwenyewe. Uroa nshapeleka salamu, Mangapwani wamejibu, mtaa mzima umealikwa, na mchele nshauchagua. Ni Ijumaa hii, baada ya sala ya Alasiri.