Pipa la Guka Wako

Wanjiru wangu,

Huku Elburgon tuko salama. Viazi vimekubali, na kifua cha baba yako kimepona. Jana alipasua kuni mwenyewe.

Umeuliza kama nyumba yako iwekwe tangi la maji moto la jua au la kuni. Nilipoolewa na babu yako, huyo guka wako, alikuwa anafanya kazi kwa mashine ya kupasua mbao. Akatengeneza sanduku, akaweka pipa la maji moto ndani, akashindilia vumbi la mbao pande zote. Nikamwambia, "Wenzako wanajengea watu, wewe unajengea maji nyumba."

Halafu uchungu wa kuzaa ukanishika kabla ya siku zake, jioni ya mvua. Kuni zimelowa, moto umekataa. Mkunga akauliza maji, nikamwonyesha pipa kwa woga, maana maji yake tuliyachemsha asubuhi. Akalifunua, mvuke ukampiga usoni. Mtoto alizaliwa akilia. Alipowekwa kwa hayo maji akanyamaza, nami nikapumua.

Kwa hivyo chagua unalopenda. Muuzaji atakusifia vile linachemsha haraka. Wewe muulize maji yatakuwaje jua likishazama na moto ukishazimika.

Baba yako anakusalimia. Hata leo akiingia kwa maji moto, ananyamaza vile vile.

Ni mimi shosho wako, mama ya baba yako.