Tawi la Nyuma ya Jiko

Jumapili, 1 Juni
Uji, chupa ya chai, shuka safi, vya kupeleka hospitali. Nimepita nyuma ya soko la Mwanjelwa kama kawaida. Mkuyu wa pale umezaa tena, matunda yamebanana kwenye shina lenyewe kama vipele. Jani linakwaruza kama msasa. Huo hata kipofu anaujua. Ndugu zake ndio kazi: jani laini, utomvu mweupe, na watu wanaiita yote mikuyu na kwenda zao. Mimi fundi cherehani, sikusomea miti. Lakini natofautisha satini na satini, jani litanishinda nini.

Mume wangu, Baba Neema, hakunywa uji. Amesema akifa tumlaze Iringa, kwa Yusufu. Nikamwambia anyamaze anywe.

Jumatatu, 2 Juni
Amefariki asubuhi, kabla sijafika. Chupa ilikuwa mkononi. Nesi akaipokea.



Jumanne, 3 Juni
Tumefika kijijini kwao, mbele ya Iringa mjini. Baridi. Wamenipa kona na blanketi.

Namuwaza Yusufu. Mtoto wetu wa kwanza, hakumaliza wiki. Alipozikwa mimi niliwekwa ndani, uzazi mbichi. Baba yake alikata tawi la mti wa nyuma ya jiko la mama mkwe, akalichomeka kaburini. Tawi la mti ule ukilichomeka linaota. Ndiyo ilikuwa alama, saruji ilikuwa ya matajiri. Kila tulipokuja aliishia mlangoni mwa makaburi, hakuweza kuingia. Alionyesha kwa kidevu: pale, penye mti wa mama. Kidevu si ramani. Mti ulioonekana mle makaburini ni mmoja mkubwa. Miaka yote nimefagia chini yake.

Jumatano, 4 Juni
Vijana walitaka kuanza kuchimba kaburi chini ya mti mkubwa. Nikaomba niuone kwanza. Wifi Rehema, dada wa marehemu, akanitazama.

"Wifi, hata leo unapima majani?"

Hata leo.

Mizizi ya mti ule inashuka kutoka juu, imekumbatia kisiki kilichooza. Mti wa hivyo umeanzia kwenye panda la mti mwingine, mbegu imeangushwa na ndege. Hakuna baba anayekwea juu kuweka alama ya kaburi. Matunda nayo, kila moja lina kikonyo chake. Nikaenda nyuma ya jiko. Mti wa mama mkwe bado upo. Matunda mawili mawili, yamekaa kwenye tawi palepale linapotokea jani, bila kikonyo. Jani limepanuka kuelekea nchani, ncha butu.

Miaka yote nimekuwa nikimfagilia ndege.

Nimelia nyuma ya jiko. Wakadhani ni machozi ya mume tu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimeupata. Shida, nimeupata mara nyingi.

Ua wa makaburi. Nguzo zake zimeota, zimekuwa miti. Nimezipitia moja moja, jani mkononi. Ncha butu. Hakuna kikonyo. Inayofuata vilevile. Wifi amekaa chini kwenye nyasi. Anasema kumbe mwaka uliofuata baada ya Yusufu ng'ombe walikuwa wanaingia makaburini, watu wakakata matawi ya huohuo mti wa jikoni wakazungushia. Tawi la Yusufu lilikuwa pembeni, upande wa bonde.

"Tuliona limeshashika, wifi. Tukalipitishia waya hapohapo."

"Sasa ni lipi?"

"Ningelijua ningekaa chini?"

Nimelinganisha unene wa mashina. Bure. Yote yamekatwakatwa kuni, yote yamemeza waya. Naweza kutofautisha mti na mti. Huu ni mti mmoja uliokatwa vipande. Jani halisemi limepandwa na nani, wala kwa ajili ya nani. Nimeshindwa. Alichoniomba Baba Neema ni kimoja tu.

Ijumaa, 6 Juni
Nimesema wachimbe katikati ya mstari wa bonde, kaburi lilale kufuata ua. Mzee mmoja akasema hapa kaburi haliwekwi hivyo. Wifi akamjibu, "Baba mdogo, leo litawekwa."

Majembe yalikata mizizi. Utomvu mweupe ukatoka kwenye udongo. Neema alinishika kiuno, mtoto wangu aliyebaki, mtu mzima sasa. Sikuweza kutazama.

Mwanawe yuko upande wa kichwa chake au wa miguu yake. Karibu au mbali. Ndicho nilichompa.

Jumapili, 8 Juni
Asubuhi ukungu ulikuwa bado bondeni. Nimekaa chini, mgongo kwenye mti wa kwanza wa ua, miguu juani. Sikupima kitu. Wifi akaja na viazi vya kuchemsha, akakaa kando yangu. Akauliza huu una nini. Nikasema una kivuli. Tukala.

Baadaye tukahamia mti unaofuata.