Twiga wa Mama Rispa

Shauri Moyo,
Nairobi.
14 Agosti 1979

Mpendwa wifi Mbeti,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Mombasa, na watoto je? Goti lako limepona, au bado ni kisingizio cha kukwepa ngazi za kanisa? Sisi tu wazima, na safari hii nasema hivyo bila kujikaza.

Ulisikia kwamba tezo ilimkata ndugu yako mkono wa kushoto akiwa kazini. Ambalo hukusikia ni kwamba kidonda kilioza, akalazwa, na madaktari wakamkata vidole viwili. Tangu hapo Kiilu aliugeukia ukuta. Hakula vizuri, hakunijibu. Mchonga vinyago asiyeweza kushika mti, alijiona si mtu tena.

Nami niliishiwa na maombi, wifi. Nikipiga magoti neno halitoki. Niliona Mungu amenipa kisogo, tena niliona haya kusema, maana kanisani mimi ndiye ninayewaombea wengine.

Alhamisi moja akina mama wa ushirika wakaja kwangu, kwa kuwa ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Walikuta wanyama wa Kiilu wamejaa sakafuni, hawajapigwa msasa, kazi ambayo siku zote ni yangu. Niliwaambia wazi kwamba sina la kuomba. Mama Rispa, kiongozi wetu, hakunihubiria.

"Basi wewe pumzika, Nthoki," alisema. "Leo tutaomba sisi, na mikono isikae bure."

Wakagawana msasa, wakawa wanaimba huku wanasugua. Nililala pale pale kitini, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu ajali. Nilipoamka bado wanaimba, na moyo wangu umetulia. Sikuwa nimeomba lolote. Nilikuwa nimebebwa tu, na nikamshukuru Mungu.

Lakini Mama Rispa na vinyago wapi na wapi! Alimsugua twiga mmoja mpaka pembe zikaisha. Eti alidhani ni vifundo vya mti. Nilimtia kikapuni nikampeleka hospitalini. Kiilu alimgeuzageuza kwa mkono wake mzima, kisha akauliza, "Huyu punda ni wa nani?"

Nilipomweleza alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. Halafu akalia, nami nikalia, tukamshukuru Mungu pamoja. Siku hiyo alimaliza uji wake.

Sasa yuko nyumbani. Mti anaubana kwa magoti, kazi inakwenda polepole. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nisalimie shemeji Nzomo, na mama mkwe ukienda nyumbani. Mwambie mwanawe anakula.

Mutisya, atakayekupa barua hii, amekubebea yule twiga. Pembe ni mpya, Kiilu amezipachika mwenyewe, na moja imekaa upande. Usiinyooshe, wifi. Ndiyo kazi ya kwanza ya mkono ule.

Mungu akupumzishe kama alivyonipumzisha mimi.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Nthoki