"Hapo tu"

Jumatano jioni, Kasulu. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini matope hayajakauka, hata kwenye viatu vyangu. Nimeviacha mlangoni na sina hamu ya kuviosha.

Leo nilikwenda kutoa pole. Nayaandika hapa kwa sababu ofisini sina wa kumwambia.

Mwaka jana ulikuja mpango wa kuhamisha zahanati ya kijiji kimoja upande wa Nyakitonto. Jengo la bondeni lilikuwa limechakaa, jipya likapangiwa njia panda, kwenye barabara ya magari. Mimi ni afisa afya. Nilitumwa kabla ya uamuzi, nikaangalie kama mabadiliko hayo yatawaumiza watu. Nikapanda bodaboda, nikazunguka na fomu yangu, najiona mtu wa maana.

Kila nyumba niliuliza kama njia panda ni mbali. Kila nyumba wakanijibu, "Hapo tu."

Nikaandika: karibu. Kwenye athari nikaandika: hakuna.

Na mimi ni Muha! Nimezaliwa milima hii hii. Mama yangu alikuwa akisema shamba letu liko hapo tu, na tulikuwa tunafika jua limeshapanda, miguu inawaka moto. Nilijua kabisa kwamba kwetu mgeni havunjwi moyo kwa kuambiwa safari ni ndefu. Angekosea mtu wa Dar ningemcheka. Lakini siku ile nilitaka kumaliza fomu kabla mvua haijanikuta njiani.

Zahanati ikahama.

Mwezi uliopita Esta, mke kijana wa nyumba ya tatu niliyoingia siku ile, alishikwa na uchungu alfajiri. Mvua ilikuwa inanyesha, na bodaboda hazishuki bondeni njia ikiteleza. Akaondoka kwa miguu na mama mkwe wake. Alijifungulia njiani. Mtoto wa kiume. Hakulia.

Leo mama mkwe alinipokea vizuri mno, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mwakeye, mwana wanje," akanisalimu kwa Kiha, akanifutia kigoda kwa kitenge chake. Nikamwambia kuwa mimi ndiye niliyeandika kwamba ni karibu. Nilitaka anikaripie.

"Si wewe, mwanangu, ni Mungu," akasema. "Na kweli si mbali. Ni hapo tu."

Amefiwa yeye, na bado ananifariji mimi.

Nilipoaga niliwaambia nitatembea mpaka njia panda, bodaboda nilishairudisha. Esta akajitanda kanga, akasema ananisindikiza. Nikamkatalia. "Hapo tu, dada," akasema, akatangulia.

Tukapanda mlima. Mara mbili nilishika majani nisianguke, naye akasimama kuningoja. Tulipofika kwenye kona yenye mikaratusi, hakuendelea.

"Mimi naishia hapa."

Nilidhani amechoka. Halafu nikaona anavyotazama chini ya mkaratusi mmoja, na hapakuwa na kitu pale ila majani yaliyolala. Nikamshika mkono. Akageuka, akashuka taratibu kurudi nyumbani.

Kutoka pale hadi zahanati nilitembea zaidi ya saa nzima, na mimi sina mimba, sina uchungu, wala mvua hainyeshi. Nililia njia nzima kama mtoto. Waliopishana nami walinipa pole bila kuuliza.

Nakala ya fomu iko hapa mezani. Kesho asubuhi naipeleka kwa mkuu wangu pamoja na barua: nilikosea, uamuzi uangaliwe upya, na kwa sasa mkunga arudishwe kwenye jengo la bondeni, hata kama linavuja. Huenda nikapewa onyo. Acha nipewe.

Kwenye kisanduku cha umbali nimelikata neno "karibu". Juu yake nimeandika: Esta hakufika.