Hambaga za Vitunguu

El Reno, Oklahoma
Septemba 1922

Kaka Leland,

Sisi wazima, na mkahawa bado uko wazi. Tangu mafundi wa reli wagome, wateja wana pesa chache, na nyama tunanunua kidogo. Basi nikakata vitunguu vyembamba, nikavikandamiza ndani ya kila hambaga ikiwa motoni.

Baba akafoka, "Verna, unauza nyama au shamba la vitunguu?"

Wagomaji walipoonja wakaagiza tena. Sasa wanapanga foleni hadi nje.

Tangu mlipogombana, Baba hajawahi kulitaja jina lako. Jana alikula hambaga mbili, kisha akasema, "Mwandikie Leland. Mwambie vitunguu vimetushinda kumenya."

Havijatushinda, kaka. Wewe njoo tu.

Mdogo wako anayenuka vitunguu,
Verna