Tuko Kazini

Jumatatu, 4 Juni

Sebule yangu imekuwa pango la majambazi! Mapazia yamefungwa tangu asubuhi, eti majambazi hawapendi jua. Kochi limemwagiwa damu ya sharubati. Binti yangu anasema itatoka. Haitatoka. Nalijua kochi langu.

Huyu ndiye kifungua mimba wangu, tuliyemsomesha uhasibu. Anatengeneza picha ya sinema, ya bosi wa majambazi. Miaka mitatu anahangaika nayo, kila aliyemwendea kuomba fedha kamkatalia, amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni. Nimeapa sitatia neno. (Nimetia mawili matatu tu.)

Bosi anaigizwa na muuza magodoro wa hapo njia panda. Mtu mpole huyo! Anaua watu watatu kabla ya chai, kisha ananiuliza kikombe akioshe wapi.

Alhamisi, 7 Juni

Balaa! Patasi amesikia.

Patasi ni jambazi wa kweli, mtaa wa nyuma. Polisi wenyewe humpisha njia. Leo kamtuma mtu – mrefu, miwani ya jua, sauti ya msibani. Kasema: Patasi ameambiwa ndani ya picha bosi anamfokea mama yake mzazi mbele za watu. Kuua, sawa. Kuiba, sawa, ndiyo kazi. Lakini kumfokea mama? Watu watadhani ni yeye. Hapendi. Akaaga vizuri, akaufunga mlango polepole. Nikatia komeo.

Mwalimu wa chekechea, aliyekuwa aigize huyo mama, kachukua mkoba wake papo hapo. Ana watoto wadogo, kasema. Wadogo! Wa mwisho ana ndevu. Mpiga picha naye kakumbuka ana harusi.

Nikamwambia binti, mwanangu, kitoe hicho kipande. Kasema hicho ndicho roho ya picha. "Pale ndipo watu wanapojua bosi hana moyo, mama. Nikikitoa nabaki na nini? Watu wanapigana risasi tu!" Akajifungia chumbani. Nilimsikia akilia ndani ya mto, vilevile kama alipokuwa darasa la pili.

Ijumaa, 8 Juni

Nimekwenda kwa mama yake Patasi. Sikumwambia mtu.

Bi Mkubwa, ndivyo wanavyomwita. Tunaonana kliniki ya presha. Hukaa benchi la mbele, na hajapatikana wa kumwambia asogee. Nilibisha hodi kwa sauti ya kuku mwenye mafua.

Nikamweleza yote. Mwanangu, miaka mitatu, huyo mtu wa miwani, hata kochi. Alikuwa anamenya vitunguu, hanitazami. Nilipomaliza tu, kauliza:

"Huyo mama wa kwenye picha, anavaa nini?"

Nikasema sijui, gauni la nyumbani.

"La maua?"

"Laweza kuwa la maua."

"Na maneno anayo mengi?"

Mungu wangu! Ndipo nikaelewa.

"Mwambie binti yako nakuja Jumanne. Huyo wangu nitamwambia mwenyewe. Mimi ndiye niliyemnyonyesha, usije ukamwogopa mbele yangu."

Jumapili, 10 Juni

Binti kacheka mpaka kakaa sakafuni. Halafu kainuka. "Mama. Umeniletea mama yake Patasi, aje afokewe?"

Lo! Hilo sikulifikiria.

Jumanne, 12 Juni

Lazima niandike kabla sijalala.

Bi Mkubwa kaja na gauni la maua na rangi ya mdomo. Nyuma yake – Patasi mwenyewe! Nilitegemea mlima. Kumbe mfupi, ananifikia hapa begani. Kavua viatu mlangoni. "Shikamoo, mama." Kaenda kusimama nyuma ya kamera, mikono mfukoni. Mpiga picha (harusi imeahirishwa) alikuwa anatiririka jasho.

Ilivyoandikwa ni hivi: majambazi wako mezani na ramani ya benki. Mama anaingia kumwuliza bosi kama amemeza dawa ya kifua. Bosi anapiga meza: "Nyamaza! Toka!" Mama anatoka analia. Basi.

Bi Mkubwa kaingia na sufuria. Nani kampa sufuria? Ni yangu, kaichukua jikoni!

"Umemeza dawa wewe?"

Muuza magodoro kafungua mdomo. Kamtazama Bi Mkubwa. Kamtazama Patasi. Mdomo ukabaki wazi kama duka lisilo na mwenyewe. Mwishowe kikatoka kisauti cha mtu anayezama:

"Mama... nakuomba. Tuko kazini."

Kanong'ona! Bosi mzima, kanong'ona!

"Kazi gani ya kukaa gizani? Sogezeni makaratasi." Sufuria, puu, juu ya ramani ya benki. Na wale majambazi wakasimama wote kumpisha kiti. Hawakuambiwa! Hata maiti nyuma ya kochi kainua kichwa amwamkie.

Binti hakusema "kata". Kamera ikaendelea. Mimi macho yangu kwa Patasi. Kainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Hasira? Kicheko? Nikaanza kusali kimoyomoyo. Kamaliza, kafuta macho kwa kiganja, kamwambia binti, "Kiache hivyohivyo." Kaondoka kambebea mama yake mkoba.

Jumatano, 13 Juni

Binti anasema picha imeharibika. Muuza magodoro kaja kuomba radhi, kaleta na mto.

Baadaye binti kanifuata jikoni. Kisha kasema, "Mama, anatisha zaidi. Mtu anayeweza kunong'ona vile anaweza kufanya lolote. Na wakati huohuo unamhurumia." Kipande anakiacha kama kilivyo.

Mimi najua yule alikuwa anaogopa tu. Lakini nimefunga mdomo. Mimi!

Jumamosi, 19 Oktoba

Daftari hili nimelikuta chini ya mashuka. Miaka kumi na miwili!

Mwanzoni gazeti liliandika picha ni giza tupu, mtu haoni kitu. Mapazia yangu hayo. Lakini watu wakaipenda, wakarudi kuitazama, na mpaka leo hawajachoka. Mume akipigiwa simu na mkewe ofisini, ananong'ona: "Mama, nakuomba. Tuko kazini." Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wanalijua neno hilo. Muuza magodoro haachwi na mteja kabla hajamnong'oneza. Juzi kaja bwana wa chuo kumhoji binti, eti ule mnong'ono ni ukimya wa mamlaka. Ukimya wa mamlaka! Nilikohoa mpaka nikaletewa maji.

Bi Mkubwa katutoka mwezi wa pili.

Wiki ijayo picha inaonyeshwa upya kwenye ukumbi mkubwa, imesafishwa, viti vimekwisha. Binti ana furaha, hata amenenepa. Na leo mchana Patasi kanipigia simu. Anakuja kesho. Anataka kipande cha mama yake kitolewe.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika nimesimama jikoni. Yuko sebuleni.

Amezeeka, anatembelea fimbo. Jamaa wawili wamebaki getini, hawakutaka hata maji. Kaniambia kwa upole: alipita baa moja, kakuta walevi wanamwigiza mama yake, mmoja kajifunga kitambaa kichwani, wanacheka. "Mama yangu yuko kaburini. Sitaki achekwe na walevi. Kitolewe, mama. Sitaki ugomvi na binti."

Bila kipande hicho hakuna picha. Analijua hilo. Na bado ni Patasi.

Nimempigia binti aje mbio. Nikamwuliza Patasi, umekitazama tangu msiba? Kasema hapana, hajaweza. Basi kitazame kwanza, nikamwambia, ujue unachokitoa. Nikamwashia, nikamwachia rimoti, nikakimbilia huku.

Mlango nimeuacha wazi kidogo. Bi Mkubwa anauliza habari ya dawa. Sauti yake hasa! Patasi karudisha nyuma. Kaanza tena. Sasa karudisha tena. Hacheki. Halii. Siwezi kuuona uso.

Binti huyo kafika! Kaingia moja kwa moja, funguo mkononi, anahema. "Mzee, tuzungumze, tafadhali, kabla ya–"

Patasi hakugeuka. Kainua kidole kimoja. Angoje. Mama hajamaliza kusema.